Mwenyekiti Aliyeomba Sheria

Mwenyekiti alininyima kufungua posho mill, mashine ya kusaga nafaka, na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa chini kumsifu kwa sababu mambo yalimwendea mrama. Nilimpenda, ndiyo. Lakini nilimpenda nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Nilikuwa nimenunua mashine ya mkono wa pili, mota yake nzuri, nikapata na kibanda kwenye kona moja ya Ngoingwa, pale watu wa boda boda hungojea wateja. Kilichobaki ni stima tu. Asubuhi moja nikamwona amesimama mlangoni na lile koti lake la suti lenye unga mabegani, anaitazama mashine yangu kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani ndani ya shamba lake.

"Mama Ciru, hii ni ya nini?"

"Ya kusaga, Mwenyekiti."

"Utasagia nani? Hapo chini niko mimi. Hapo juu kuna Baba Njoro. Watu wa kusagiwa wamegawanywa wakaisha."

"Hawajagawanywa, wako na miguu. Wataenda wanakotaka."

"Aca," akasema, yaani hapana, na akianza Kikuyu ujue mazungumzo yamekwisha. "Aca, mami. Tuko na sheria."

Sheria hiyo ilikuwa ya wasagaji wadogo wa pande zetu za Thika, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao tangu watu waanze kumwita hivyo wakasahau kumwita kitu kingine. Haikuandikwa popote. Ilisema mtu asifungue mill mahali ambapo nyingine inasikika ikinguruma. Bei ya kusaga gorogoro moja, lile kopo la kupimia, iwe sawa kwa wote, mashine ya mtu iwe mpya au kuukuu. Jumapili mtu asiwashe mpaka kanisa litoke. Ukiivunja, fundi wa mashine hapatikani kwa simu, na ukienda sokoni wauza mahindi wanakuambia yameisha huku umesimama mbele ya magunia. Hakuna aliyekupiga wala kukutukana. Ulikauka tu mpaka ukafunga.

Basi nikaiuza ile mashine kwa mtu wa Matuu. Nililia siku ilipopakiwa, tena nikilia kwa sauti, na watu wa boda boda wakajifanya wanaangalia simu. Wiki hiyo hiyo Mwenyekiti akanitumia ujumbe kwamba ana chumba nyuma ya mill yake, kina saruji chini na dirisha kubwa, na kama nataka kufunga unga wa uji naweza kukitumia. Yeye atasaga, mimi nitachanganya na kuuza. Ndivyo alivyokuwa. Alikufungia mlango wa mbele kisha akazunguka kukufungulia wa nyuma, na aliona kabisa kwamba amekutendea wema.

Nikaenda. Ningefanya nini? Nikawa nanunua wimbi, mtama na soya, naosha, naanika kwenye turubai, yeye anasaga, mimi nafunga kwenye pakiti zenye jina langu. Jina langu, na chini yake picha ya kikombe kinachofuka moshi. Maduka ya Thika yakaanza kuuchukua. Kuna mama mmoja wa Makongeni aliniambia mtoto wake hanywi uji mwingine, nikatembea siku nzima nikijiona mtu mkubwa. Ule unga ndio uliokuwa biashara yangu yote, na nauweka hapa wazi ili mtu ajue nilikuwa nikipoteza nini mambo yalipoanza kugeuka.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na machache aliyoyarudia mpaka tukawa tunayamalizia. "Serikali haina ubaya, haijaambiwa tu." Hilo lilikuwa la kila siku. Lingine, mteja akilalamikia bei: "Mimi nauza usingizi mzuri." Alimaanisha kwamba ukisagiwa kwake hutalala ukifikiria tumbo. Suti alivaa kila siku ya kazi, ile ya kahawia, na akipakwa unga hakuupangusa. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwenyekiti kana kwamba alichaguliwa pia, alisema amechoka kufua kitu ambacho mwenyewe anafurahia kikiwa kichafu. Mwenyekiti alidharau wanaume wanaovaa aproni. Alipenda mandazi ya jana kuliko ya leo. Na alikuwa mchoyo wa sifa kiasi kwamba ukimwonyesha unga mzuri kabisa atasema "haina shida", na hapo uende nyumbani ukasherehekee.

Mahindi aliyapima kwa chupa. Watu wengi wa biashara hii wanaijua: unaweka chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo, unatia punje za mahindi, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiposhika, yamekauka, saga. Mwenyekiti aliitikisa hiyo chupa mbele ya kila mteja, taratibu, na wamama walinyamaza kabisa wakingoja kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akisema "hii irudi juani", inarudi. Hata wakubwa waliokuja na magari walirudishwa. Mimi mwenyewe nilirudishwa na mtama wangu mara nyingi, nikasonya, nikauanika tena.

Halafu ikatokea ile habari ya Ngoliba, kule kwa wakulima. Familia moja ilivuna wakati wa mvua. Mahindi yakakaa siku kadhaa yakiwa yamelundikwa ndani ya nyumba, yakaanza kuota ukungu, kisha jua likatoka wakayaanika kando ya barabara hadi yakakauka vizuri. Wakayaleta. Chupa ikatikiswa, chumvi haikushika. Yakasagwa. Kabla mwezi haujaisha, mtoto wao wa kike, aliyekuwa ameanza tu kusema maneno, akavimba tumbo, macho yakawa ya njano, akafa hospitalini. Daktari akawaambia ni sumukuvu, ile watu wengi huita aflatoksini. Huioni kwa macho, huinusi, na ukishaikaribisha kwenye punje haitoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Hakuna mtu aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza. Baba wa mtoto alimshika mkono matangani na kumshukuru kwa kuja. Mwenyekiti akakaa na wamama, hakula, hakunywa hata chai, na tuliporudi Thika akakaa ndani ya mill bila kuwasha mashine.

"Chupa yangu imenidanganya," akasema.

"Haijakudanganya," nikamwambia. "Ilikuambia yamekauka, na yalikuwa yamekauka."

"Basi nimekuwa nikiuza usingizi bila kuwa nao."

Hakulisema tena lile neno la usingizi mzuri tangu siku hiyo. Na hapo ndipo alipoanza kuomba sheria.

Wasagaji wengine walidhani amerogwa. Kila mtu anakimbia kanjo, askari wa kaunti, wewe unaenda kuwaita! Lakini palipotangazwa kikao cha kuchukua maoni ya wananchi, Thika ama Ruiru ama hata Nairobi, alikuwepo, suti imepigwa pasi, amekaa mbele. Nilimsindikiza mara moja, kwenye hema lililowekwa karibu na ofisi za serikali Thika. Watu walilalamika kuhusu maji, kuhusu barabara, mmoja akalalamika kuhusu mke wake mpaka akaondolewa. Mwenyekiti akasimama.

"Sisi wasagaji wadogo tunataka tupimwe," akasema. "Msituambie tufunge. Tupimwe. Tuwekeeni mashine moja ya kupima sumu hapa Thika, ya wote. Kila mtu alete punje zake, alipie chake, apewe jibu siku hiyo. Mbaya itupwe, nzuri isagwe. Ni hilo tu."

Afisa alikuwa msichana mpole, mwenye lesu nzuri shingoni. Akaandika. "Guka, maoni yako tumeyachukua," akasema, akimwita babu kwa Kikuyu. Tukapewa chai na samosa. Mwenyekiti akarudi nyumbani akiwa na furaha hata akanunua ndizi njiani. "Umeona?" akaniambia. "Haikuwa imeambiwa."

Kwenye hema lile lile, upande wa nyuma, kulikuwa na mwanamume mtanashati kutoka kampuni kubwa ya unga ya Ruiru. Hakuomba kuzungumza. Alisikiliza, akasalimia kila mtu kwa heshima, akaondoka kabla ya chai. Wakati ule nilidhani hana la kusema. Sasa nadhani alikuwa ameshalisema, mahali ambapo hakuna hema.

Sheria ikaja. Mwenyekiti akatuita mill, akaisoma kwa sauti kutoka kwenye simu, miwani puani. Kupimwa kulikuwemo, wee, kulikuwemo mpaka kukazidi. Kila msagaji wa chakula cha watu awe na maabara yake au mkataba na maabara iliyoidhinishwa. Kuta ziwe na vigae. Awepo mtu mwenye cheti cha chuo cha mambo ya chakula, wa kudumu. Muhuri wa ubora uombwe kwa kila aina ya unga: wa mahindi kivyake, wa wimbi kivyake, na mchanganyiko kivyake tena. Ukihama jengo, anza upya. Ile mashine moja ya wote haikutajwa. Alipofika mwisho akaendelea kusogeza kidole juu ya kioo, akidhani kuna ukurasa umebaki.

"Labda wataileta baadaye," akasema.

"Mwenyekiti," Baba Njoro akamwambia, "hii suti imeshonwa, na aliyepimwa si wewe."

Ile kampuni ya Ruiru haikulazimika kubadilisha hata kigae kimoja. Kila kilichotakiwa ilikuwa nacho tayari. Sisi tukaanza kuhangaika. Mwenyekiti akauza kipande cha shamba ili aombe muhuri wa unga wa mahindi peke yake, na maafisa wakaja wakasema dari iko chini. Akainua dari. Wakaja wengine wakasema dari ni sawa ila mlango unatazama barabara. Wangu wa uji haukufika hata hapo. Siku moja nikaingia duka ambalo nimeliuzia miaka, mwenye duka akainama chini ya kaunta, akatoa pakiti zangu zote kwenye karatasi ya nailoni.

"Pole, Mama Ciru. Watu wa ubora walipita jana. Nitafungiwa kwa sababu yako?"

Nilizibeba hadi stendi. Nilitaka kuzitupa, nikashindwa, nikagawa kwa wamama waliokuwa wakiuza nguo pale. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Ukiibiwa, kuna mwizi. Mimi niliambiwa tu kwamba mtoto wa watu amelindwa dhidi yangu.

Lakini Mwenyekiti hukumsikia akilaumu. Tukisema kuna mtu amehongwa, anauliza, "Uko na ushahidi?" Tukisema tusage usiku, anasema yeye si mwizi wa kuku. Asubuhi sheria ilipoanza kufanya kazi, aliamka mapema, akavua mkanda wa mashine, akautundika ukutani, akafunga kufuli mbili. Kanjo walipofika wakakuta kumefungwa, wakakasirika sana, kwa sababu walikuwa wamekuja kutafuta kitu kidogo cha chai. Mtu aliyejifungia mwenyewe utamtoza nini?

Mill ya Baba Njoro ni ya kuosha magari sasa. Vijana waliokuwa wakibeba magunia wako kwa boda boda, wengi kuliko abiria. Unga wa pakiti ukapanda bei, ukashuka kidogo kabla ya uchaguzi, ukapanda tena, na hapakuwa na mtu wa kando wa kumkimbilia. Wakulima wa Ngoliba walibaki na mnunuzi mmoja, geti moja kule Ruiru, wanapanga foleni na malori ya kukodi. Bei wanaambiwa wakifika. Na yale mahindi yanayokataliwa getini kwa sababu yana sumu, mnadhani huenda wapi? Hakuna anayeyachoma. Yanarudi Ngoliba kwenye lori lile lile, yanauzwa kwa gorogoro kwa watu wasioweza kununua pakiti. Tulitungiwa sheria ya kuondoa sumu, ikaondoa wasagaji, sumu ikabaki. Halafu wakubwa wanatushangaa kwenye televisheni kwa nini uchumi haukui, kwa nini vijana hawajiajiri. Tulikuwa tumejiajiri!

Siku moja nilimwambia. Alikuwa amekuja kwa kibanda changu kipya cha Ngoingwa, ambapo sasa nauza sabuni, mkate, na unga wa ile kampuni, kwa sababu hakuna mwingine wa kuuza. Aliuangalia rafuni, akageuza pakiti moja asome muhuri, na hilo likanichemsha.

"Unajua hii ni nini, Mwenyekiti? Hii ni sheria yako ile ile ya kona yangu. Imekua tu, ikavaa tai."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Ulinifungia ili usipungukiwe wateja. Wao wamekufungia ili wasipungukiwe. Tofauti ni gani?"

"Mimi nilikuwa nalinda watu, Mama Ciru. Tungefungua wote, tungekula nini?"

"Watu gani? Mimi sikuwa mtu?"

Akashika kaunta kwa mikono yote miwili. Nilitamani anijibu kwa ukali, tugombane vizuri yaishe. Akasema tu, "Ulikuwa mtu," akanunua mkate, akaenda. Baada ya hapo akauza nyumba yake, akahamia Theta, upande wa Juja, kwenye ploti ambayo watoto wake walikuwa wamemnunulia. Sikumwona kwa muda mrefu.

Juzi juzi, mvua zilipokatika, nilikuwa na shughuli upande wa Juja nikaamua kupita. Nilimpata kwa kuulizia. Nyumba ndogo ya mawe, mabati mapya, na kando yake kibanda kinachonguruma. Nikasikia ule mngurumo kutoka mbali nikajua ni mashine yake, maana ilikuwa na kikohozi chake. Mlangoni pamebandikwa kibao: TUNASAGA CHAKULA CHA KUKU NA NGURUWE. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: SI CHA BINADAMU.

Alikuwa amezeeka. Ile suti ya kahawia hakuivaa, alivaa aproni. Alifurahi kuniona hata akazima mashine.

"Mama Ciru! Haiya! Karibu, karibu. Mama, weka maji ya ugali, tuko na mgeni."

"Umerudi kazini, Mwenyekiti."

"Ya mifugo tu. Ya mifugo hapa mtaani hakuna mtu anakuja kuuliza."

Hatujamaliza salamu, akaingia msichana wa umri wa binti yangu, na karai la mahindi kichwani.

"Guka, habari ya leo?"

"Nzuri sana. Ni ya kuku?"

"Ni ya kuku," akasema yule msichana. Kisha akaongeza, bila kupunguza sauti, "lakini saga laini kabisa, uchekeche mara mbili. Huyu mdogo wangu akiona makapi kwa uji anakataa kula."

Mwenyekiti hakumwangalia, wala hakuniangalia. Akayamwaga mahindi kwenye mashine, akawasha. Alisaga laini. Alichekecha mara mbili, akagonga chekecheo kwa kiganja mpaka unga wote ukashuka, kazi nzuri kama zamani. Yule msichana akalipa, akashukuru, akajitwisha karai lake.

"Mwenyekiti," nikasema alipokwisha kutoka. "Umesikia amesema nini."

"Nimesikia."

"Hayo mahindi yametoka wapi?"

"Sijui. Siku hizi siulizi."

"Wewe? Wewe huulizi?"

"Nikiuliza nitalazimika kumkataza. Nikimkataza ataenda kwa yule wa kule chini, na yule hata hachekechi." Alianza kupangusa aproni yake kwa mkono, akipangusa pale pale. "Pakiti hawezi kununua. Umeona bei. Wewe si ndiye unaiuza?"

Mke wake akatuita, tukaingia ndani. Alikuwa amesimama jikoni, maji yanachemka, na nikamwona akifungua pakiti, ile ya kampuni ya Ruiru, yenye muhuri wa ubora mbele. Akaumimina unga wake kwenye sufuria.

"Mimi nilidhani mnakula ya mashine yenu," nikamwambia.

Mama Mwenyekiti akacheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Huyu? Tangu awashe hiyo mashine hapa, hajawahi kuonja."

Akasonga ugali, akatuwekea na sukuma wiki na mayai. Mwenyekiti akaomba, ombi fupi, akashukuru kwa chakula na kwa mgeni. Nilipofungua macho nikawa namwangalia yeye.

"Usiniangalie hivyo, Mama Ciru," akasema. "Hii imepimwa."

"Na ile ya yule msichana?"

Akamega tonge, akaliviringisha mkononi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ile ni ya kuku," akasema, akala.